Tuijue Mitambo Tunayoilinda

Hesabu zilizowekwa kwa muda wa miaka kumi, tangu 1967 hadi 1976, zinaonyesha kwamba mji wa Tororo ulikuwa ukisikia ngurumo za radi kwa wastani wa siku 251 katika kila mwaka. Ni mahali pachache sana duniani palipopata kuandikiwa hesabu kubwa kama hiyo. Mkazi wa Tororo, na askari aliyepangiwa lindo karibu na ule mwamba mkubwa uliosimama juu ya mji, hawahitaji kusimuliwa habari za radi. Wanaijua kwa macho na kwa masikio, na Uganda nzima inaijua kwa msiba. Tarehe 28 Juni 2011, radi moja iliyoipiga shule ya msingi ya Runyanya, katika wilaya ya Kiryandongo, iliwaua wanafunzi 18.

Tunaanza na radi kwa sababu jambo tunalotaka kuzungumza leo na ndugu zetu wa majeshi na polisi ni la ukoo wa radi. Katika maabara za Ulaya na Marekani wako mabingwa wa elimu ya fizikia ambao kazi yao ya kila siku ni kutengeneza radi ndogo, kuifungia ndani ya bomba, na kuitumia kusukuma chembe za ndani ya atomi mpaka mwendo wake ukaribie ule wa mwanga. Kile kilichomo bombani huitwa plazma, na chombo kinachoizalisha huitwa chanzo cha plazma. Mtambo wowote wenye kusukuma chembe namna hiyo, uwe wa plazma au wa metali, tutauita kichapuzi, kwa kuwa kazi yake ni kuchapua mwendo. Huenda msomaji akauliza: Askari wa Busia ana haja gani na mambo ya maabara za ng'ambo? Jibu letu ni kwamba ana haja nayo kuliko raia wengi, kwa maana kichapuzi ameshakabidhiwa akilinde, naye hupita kando yake kila siku bila kuambiwa jina lake.

Kwanza tuelewane juu ya plazma yenyewe. Barafu, maji na mvuke twavijua. Gesi ikizidi kutiwa joto au umeme, atomi zake huvuliwa elektroni, yaani zile chembe ndogo zenye umeme hasi ambazo zikitiririka katika waya ndizo zinazotuwashia taa. Kinachobaki ni mchanganyiko wa elektroni zilizo huru na atomi zilizovuliwa, mchanganyiko unaopitisha umeme na kung'aa. Hiyo ndiyo plazma. Jua ni plazma, cheche ya fundi wa kuchomelea vyuma ni plazma, na ule mstari mweupe wa radi ni njia ya plazma iliyofunguka hewani kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Wala radi haikukosa tabia ya kusukuma chembe. Mwaka 1925 mwanasayansi wa Uskoti, C. T. R. Wilson, alieleza kwamba umeme wa mawingu ya dhoruba waweza kuzikimbiza elektroni mpaka zipate nguvu kubwa mno. Ilipita karibu miaka 70 kabla ya ushahidi mkubwa kupatikana. Mwaka 1994 ilitangazwa kwamba chombo kilichokuwa kikiizunguka dunia kutazama nyota kilikuwa kimenasa mimweko ya mionzi ya gama ikitoka chini, juu ya maeneo ya dhoruba. Leo inajulikana kwamba ukanda wa Ikweta wa Afrika ni mmoja wa maeneo ambako mimweko hiyo huonekana kwa wingi. Basi mawingu yanayonguruma juu ya Tororo na Busia ni ya ukoo wa vichapuzi vya asili. Tofauti ni kwamba hayana wa kuyaamuru, nayo hayana shabaha.

Sasa na tuje langoni. Tarehe 24 Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia. Kwa utaratibu wa kituo hicho, na wa mwenzake wa Malaba katika wilaya ya Tororo, gari halisimamishwi mara mbili. Linaloingia Uganda hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili wakiwa upande wa Uganda, na linaloingia Kenya hukaguliwa upande wa Kenya. Shabaha yake ni kupunguza muda, lakini muda haupungui kwa majengo peke yake. Lori lenye kontena la tani nyingi likifunguliwa na kushushwa kila katoni, siku nzima yaweza kuisha. Likiachwa lipite bila kufunguliwa, bunduki, dawa za kulevya na magendo ya kila namna yaweza kupita nalo. Ndiyo sababu vituo hivyo vikapewa mashine za kupiga picha mizigo, ambazo watu wa forodha huziita skana.

Skana kubwa ya malori ni kichapuzi. Ndani yake mna bomba la shaba lililogawanywa katika vyumba vidogo vidogo. Upande mmoja, kipande cha metali kilichotiwa moto hutoa elektroni. Mawimbi yenye nguvu, ya jamii moja na yale ya rada ambayo wanajeshi wanayafahamu, huingizwa katika vyumba vile, nayo huzisukuma elektroni kutoka chumba hadi chumba. Zifikapo mwisho huwa na nguvu kana kwamba zimesukumwa na betri ya volti milioni 6 au karibu ya hapo. Hapo hugonga kipande cha metali nzito, mara nyingi tangsteni, na kusimama ghafla, na katika kule kusimama hutoa mionzi ya eksirei iwezayo kupenya chuma kinene. Upande wa pili wa gari hupangwa mstari wa vipokezi. Mahali palipo na kitu kizito mionzi hufika michache, mahali palipo na kitu chepesi hufika mingi, na kutokana na hesabu hiyo picha huchorwa. Mashine nyingine hupiga kwa nguvu mbili tofauti, moja baada ya nyingine, na kwa kuzilinganisha huweza kutenga metali na vitu kama nguo, vyakula au plastiki.

Faida yake haihitaji maelezo marefu. Mwishoni mwa Januari 2019 maofisa wa kodi wa Uganda walitangaza kukamata pembe za ndovu na magamba ya kakakuona yaliyofichwa ndani ya magogo ya miti. Magogo yalikuwa yametobolewa, yakajazwa, kisha yakazibwa kwa nta. Askari mwenye macho mazuri kuliko wote, akiizunguka shehena ya magogo ya namna hiyo mara kumi, angeona magogo tu.

Hata hivyo bomba la shaba lina mpaka wake. Ukizidisha nguvu ya umeme ndani yake, cheche huruka kutoka ukuta hadi ukuta na metali yenyewe huanza kuharibika. Kwa hiyo anayetaka kuzipa elektroni nguvu kubwa zaidi hana budi kurefusha bomba. Kwa skana ya mpakani, ambayo nguvu yake ni ndogo, bomba la urefu wa hatua moja latosha. Kwa kazi kubwa za utafiti, kichapuzi cha SLAC huko California kilijengwa kwa urefu wa kilomita 3, na duara la mtambo wa CERN lililo chini ya ardhi karibu na Geneva lina mzunguko wa kilomita 27. Hakuna nchi ya kwetu iwezayo kubeba gharama hiyo peke yake, na hata matajiri wamelazimika kuchangiana.

Hapa ndipo plazma inapoingia. Metali huogopa kuvunjwa na umeme, lakini plazma haiogopi, kwa kuwa atomi zake zimekwisha kuvunjwa. Mwaka 1979 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, Toshiki Tajima na John Dawson, walitoa shauri kwamba mwale mfupi na mkali wa leza ukipigwa ndani ya plazma utaacha nyuma yake wimbi la umeme, na kwamba elektroni ikiwekwa vizuri juu ya wimbi hilo itabebwa kwa nguvu isiyopata kuonekana katika bomba la shaba.

Mvuvi wa Majanji, kule ufukweni mwa Ziwa Victoria katika wilaya ya Busia, ataielewa habari hii upesi kuliko wengi. Anajua kwamba boti ya mashine ikipita kwa kasi huacha nyuma yake mkia wa mawimbi, na kwamba mtumbwi mdogo ukiangukia mteremko wa wimbi hilo husukumwa mbele hata kama kasia limelala ndani. Mwale wa leza ndio boti. Plazma ndiyo maji. Elektroni ndizo mtumbwi. Msukumo upatikanao huko waweza kuuzidi ule wa bomba la shaba mara mia, na hata mara elfu, kwa kila mita.

Shauri hilo lilikaa miaka mingi kabla ya leza kupata nguvu ya kutosha. Mwaka 2006 Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, California, ikishirikiana na wanasayansi wa Oxford, ilizifikisha elektroni kwenye nguvu ya volti bilioni 1 katika urefu wa sentimita 3 na ushei. Chombo walichotumia chastahili kuelezwa. Walichonga mfereji mwembamba, usiofika nusu milimita, ndani ya jiwe la yakuti samawi. Wakaujaza gesi ya haidrojeni, kisha wakapitisha umeme mkali ndani yake. Kwa kufumba na kufumbua gesi ikageuka plazma, ndipo leza ikapigwa katikati. Msomaji wa Tororo atatambua mara moja kwamba hiyo ni radi, isipokuwa imepewa nyumba, saa na amri. Mwaka 2019 maabara hiyo hiyo ilitangaza kufikia karibu volti bilioni 8 katika sentimita 20. Kabla yake, mwaka 2007, watafiti wa SLAC walitumia fungu la elektroni badala ya leza kuwa ndiyo boti, na katika plazma ya mvuke wa lithiamu yenye urefu wa sentimita 85 tu wakaona baadhi ya elektroni zikiongezewa nguvu maradufu.

Pale CERN, mradi uitwao AWAKE hutumia mafungu ya protoni kuisukuma plazma yenye urefu wa mita 10. Mwaka 2018 mradi huo ulifanikiwa kwa mara ya kwanza kuzichapua elektroni kwa njia hiyo, mpaka nguvu ya volti bilioni 2. Na hapo ndipo ulipoonekana wazi ugumu wa chanzo chenyewe. Plazma hiyo hutokana na mvuke wa metali ya rubidi, uliotiwa joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi, kisha ukavuliwa elektroni kwa leza. Kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho, wingi wa mvuke haukutakiwa kutofautiana hata kwa sehemu mbili katika elfu. Tofauti ikizidi, mawimbi hupotezana hatua na elektroni huanguka njiani. Kwa kuwa leza haiwezi kuivua plazma ndefu bila kikomo, mafundi wa mradi huo wametengeneza na vyanzo vya namna nyingine. Kimoja hupitisha umeme katika bomba refu la kioo lenye gesi, nacho kilijaribiwa mwaka 2023. Kingine hutumia mawimbi ya redio pamoja na sumaku. Vyote viwili vinatakiwa viwe na uwezo wa kurefushwa kipande baada ya kipande.

Askari ataifahamu shida hii kwa mfano wa uwanja wa shabaha. Bunduki haisifiwi kwa risasi moja iliyogonga katikati, husifiwi kwa risasi kumi zilizogonga pamoja. Kwa miaka mingi vichapuzi vya plazma vilikuwa bunduki ya risasi moja: leo elektroni zilitoka na nguvu hii, kesho na nguvu ile, na mara nyingine hazikutoka kabisa. Ndiyo maana ilikuwa habari kubwa mwaka 2020, wakati kituo cha DESY cha Hamburg, Ujerumani, kilipokiendesha kichapuzi cha plazma kwa zaidi ya saa 24 mfululizo, kikatoa mafungu 100,000 ya elektroni, na kutokana na hesabu zake kikagundua ni nini hasa kinacholeta tofauti kati ya fungu na fungu. Kazi iliyobaki ni ya namna hiyo hiyo: chanzo kijazwe kwa kipimo kile kile kila mara, kistahimili joto, na kifanye kazi mara nyingi katika kila sekunde bila kuchakaa.

Haifai basi kumdanganya msomaji. Skana za malangoni ni za bomba la shaba, na kwa kazi yao bomba hilo linatosha. Vichapuzi vya plazma vingali katika maabara, na leza zinazoviendesha zingali kubwa na ghali. Mahali ambapo vinatazamiwa kufaa kwanza ni pale panapohitaji elektroni zenye nguvu kubwa katika nafasi ndogo, au eksirei zinazotoka katika nukta ndogo mno ili picha iwe kali: katika hospitali, katika ukaguzi wa vyuma, na katika utafiti wa dawa na madini.

Pamoja na hayo, iko sababu nyingine kubwa ya watu wa ulinzi kuifuatilia kazi hii, nayo ni ya usalama wa raia. Katika dunia yetu mionzi hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kichapuzi, ambacho ukikizima mionzi hukoma, na mtu akikiiba ameiba vyuma. Ya pili ni vitu kama kobalti-60 na sesiamu-137, ambavyo hutoa mionzi usiku na mchana, viwe vinatumika au vimesahauliwa ghalani. Kobalti-60 huchukua zaidi ya miaka mitano kupunguza nguvu yake kwa nusu tu, na sesiamu-137 huchukua miaka 30. Hivi havina swichi. Kinga yao ni ukuta, kufuli na mlinzi.

Mwezi Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili waliingia katika zahanati iliyohamwa na kuachwa bila mlinzi, wakang'oa kichwa cha mashine ya tiba ya saratani na kukiuza kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliokuwa ukitoa nuru ya buluu gizani. Watu waliupenda, wakagawiana, wengine wakajipaka mwilini. Walikufa watu wanne, mmoja wao mtoto wa miaka sita. Watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya watu 100,000 walilazimika kupimwa. Maafa hayo hayakuletwa na adui mwenye silaha. Yaliletwa na mlango usiolindwa na biashara ya vyuma isiyouliza maswali.

Nani atakayesema kwamba biashara hiyo haiko kwetu? Vyuma chakavu huvuka mpaka wetu, na viko viwanda vya kuviyeyusha. Mwezi Januari 2022 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara hiyo kwa muda, baada ya nguzo na nyaya za umeme wa taifa kuhujumiwa. Baadaye mwaka huo marufuku iliondolewa na masharti yakawekwa. Mtu awezaye kufungua bolti za mnara wa umeme ulio hai hatajiuliza mara mbili mbele ya sanduku la risasi lililoachwa nyuma ya hospitali.

Na vitu hivyo tunavyo, kwa kuwa tunavihitaji. Mashine ya kobalti ya Mulago, iliyoanza kutumika mwaka 1995, iliharibika kabisa mwezi Aprili 2016, na wagonjwa wa saratani wa Uganda wakajikuta hawana tiba ya mionzi nchini mwao. Wenye uwezo walivuka mpaka kwenda kuitafuta Nairobi. Mashine mpya ya kobalti ilizinduliwa Januari 2018, na baadaye Taasisi ya Saratani ikapata vichapuzi vya tiba. Hii ndiyo njia iliyo salama. Kila kichapuzi kinapozidi kuwa kidogo, imara na rahisi, ndivyo inavyozidi kuwezekana kuviondoa vile visivyozimika. Mafundi wanaohangaika na bomba la plazma huko Hamburg na Geneva, wajue wasijue, wanafanya kazi itakayompunguzia mzigo koplo anayelinda ghala la hospitali huku kwetu.

Lakini hatuwezi kukaa tukingoja. Yako mambo yanayotakiwa kufanywa sasa, na tunayasema waziwazi.

La kwanza ni mafunzo. Kila askari anayepangwa katika vituo vya Busia na Malaba yampasa ajue alama ya mionzi, yaani mabawa matatu meusi yanayozunguka duara katika uwanja wa njano, na ajue la kufanya aionapo mahali isipotazamiwa, juu ya kitu kilichovunjwa au katikati ya vyuma chakavu. Asikiguse, wala asikifungue. Awaondoe watu, asogee mbali, azuie njia, na kutoa habari kwa wakubwa wake ili Baraza la Nishati ya Atomiki la Uganda, au Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia upande wa Kenya, lipate kuarifiwa. Kanuni za kujikinga ni tatu: punguza muda, ongeza umbali, weka kizuizi. Ukiwa umbali maradufu na kitu kidogo kitoacho mionzi, unachopata hupungua hadi robo.

La pili ni kuondoa hofu zisizo na msingi pamoja na uzembe. Wako wanaonong'ona kwamba mahindi yaliyopita katika skana yamepata sumu. Si kweli. Mionzi ya skana haikifanyi chakula kuwa chenye mionzi, kama vile tochi isivyoufanya ukuta kuwa taa. Lakini pia wako wanaokatiza mbele ya mashine inapofanya kazi, au wasiohakikisha kwamba hakuna mtu aliyejificha ndani ya kontena. Mistari iliyochorwa chini na taa nyekundu zilizowekwa pale zina maana yake, na askari ndiye wa kwanza kuziheshimu.

La tatu ni mafundi. Mwezi Januari 2022 madereva waligoma kulipia kipimo cha Uviko-19 katika mipaka ya Uganda, na malori yakapanga foleni ya makumi ya kilomita upande wa Kenya. Haikuchukua siku nyingi kabla ya petroli kupanda bei mjini Kampala. Somo ni kwamba ukaguzi ukikwama, taifa lote hukwama. Skana ikiharibika tukamngoja fundi apande ndege kutoka ng'ambo, foleni haitamngoja. Kati ya Busia na Tororo tunacho Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, chenye kitivo cha uhandisi pale Busitema na walimu wa sayansi katika kampasi yake ya Nagongera. Lori lielekealo Tororo hupita karibu na lango lake. Kwa nini vijana wa polisi, wa jeshi na wa forodha wasipelekwe huko kwa zamu, wakafundishwa elektroniki, mionzi na utunzaji wa mashine walizonazo? Vilevile vilima vya Sukulu, vilivyo kando ya Tororo na mashuhuri kwa fosfeti, vina madini ya niobiamu, metali inayotengenezewa vyumba vya vichapuzi vikubwa vya Ulaya. Haitakuwa heshima kwetu kutoa udongo na kununua mashine bila kujua kinachotokea baina ya hayo mawili.

La nne ni uadilifu. Mashine haili rushwa, lakini anayeisoma picha aweza kuila. Kichapuzi kimefanya kazi yake kikamilifu pale kinapoonyesha kivuli kisicholingana na hati ya mizigo. Kuanzia hapo neno ni la mtu. Ofisa akigeuza uso, mamilioni yote yaliyolipwa yamepotea bure, na zile bunduki zilizopita leo chini ya magunia zitaelekezwa kesho kwa askari mwenzake katika doria. Hapana teknolojia itakayovumbuliwa, ya shaba wala ya plazma, itakayochukua mahali pa kiapo.

Watakuwapo wa kusema kwamba elimu ya plazma ni anasa ya matajiri, na kwamba askari ajifunze bunduki na kwata, basi. Hoja hiyo tumeisikia kila chombo kipya kilipokuja, tangu redio hadi kompyuta, na kila mara ilishindwa, kwa sababu mhalifu hakuingoja. Hatusemi kila koplo awe bingwa wa fizikia. Tunasema koplo anayelinda kichapuzi ajue kwamba ni kichapuzi, ajue kikizimwa hakina hatari ya mionzi, ajue kobalti haizimwi, na ajue pa kupeleka habari.

Kwa hiyo tunazitaka wizara zinazohusika na ulinzi, mambo ya ndani na forodha, kwa pande zote mbili za mpaka, zipange mafunzo ya pamoja katika vituo vya Busia na Malaba, askari wa Kenya na wa Uganda wakikaa darasa moja kama wanavyokaa jengo moja. Tunazitaka pia zitangaze orodha ya mafundi wazalendo waliofuzu kuzitengeneza skana hizo, ili mwananchi ajue kama wapo au hawapo. Nanyi ndugu askari, msingoje barua ya kozi. Iulizeni mashine iliyo mbele yenu inafanya nini, na aliyekabidhiwa kuiendesha awape jibu.